Mjomba Yule Ni Wangu

Nchi ninayoizungumzia haipo. Natanguliza jambo hilo ili kumwondolea msomaji usumbufu wa kuitafuta kwenye ramani, na kuniondolea mimi usumbufu wa aina nyingine. Ina wilaya arobaini na moja, mito mikubwa mitatu, na Idara ya Vipimo na Mizani, ambamo nilikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Mizani kwa miaka tisa. Kwa asiyeufahamu utumishi wa nchi ile, kaimu ni mtu anayefanya kazi zote za mkuu huku kiti cha mkuu kikiwa kitupu kando yake. Hakikalii. Hukifuta vumbi.

Jina langu ni Deusdedit Kihampa. Nitaeleza mambo kama yalivyotokea, bila chuki na bila wivu, kwa kuwa wivu ni hisia, na mimi hushughulika na vitu vinavyowekwa kwenye mizani.

Waraka Namba 9 ulitufikia Jumatatu. Ulisema kwamba, ili kuinua tija, mazungumzo ya siasa yamekoma katika sehemu zote za kazi. Mkurugenzi wetu, Bi. Rukaya Mtengeti, alitukusanya ukumbini akatusomea waraka kwa dakika nne, kisha akaufafanua kwa saa mbili na dakika kumi. Alieleza jinsi Serikali ilivyoleta maji, jinsi itakavyoyaleta tena, na jinsi maadui wanavyodai kwamba hayakufika mara ya kwanza. Tulipiga makofi mara kumi na moja. Mtunza ghala akanyoosha mkono, akataka kujua kama hotuba hiyo nayo imo ndani ya katazo.

“Kusifu si siasa,” Mkurugenzi alimjibu. “Kusifu ni taarifa. Siasa inaanza pale mtu anaponyoosha mkono.”

Mtunza ghala akaushusha.

Kiambatisho A kilikuwa na orodha ya mambo yaliyokatazwa: sukari, umeme, maji, barabara, nchi jirani, zamani, na mvua, isipokuwa imenyesha ya kutosha. Mpira uliruhusiwa, ila si timu ya taifa. Ugonjwa uliruhusiwa, ila si dawa. Neno “lakini” liliruhusiwa mara moja kwa siku kwa kila mtumishi, na halikuweza kulimbikizwa kama likizo. Ukiulizwa habari, ulipaswa kujibu “nzuri”. Habari ya aina nyingine yoyote ilihitaji fomu. Karani mmoja wa malipo alifiwa na mama yake siku ya Jumanne. Alijibu “nzuri” mpaka Ijumaa, fomu yake ilipopitishwa, ndipo tukampa pole, kwa zamu.

Kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa wataalamu wa vipimo, Makao Makuu yaliiagiza Idara ibuni kipimo cha siasa. Kazi hiyo nilipewa mimi, na sioni haya kusema kwamba niliifanya vizuri. Kipimo nilikiita mnong’ono. Mnong’ono mmoja ni kiasi cha siasa kinachotosha kumfanya mtumishi wa kawaida, mwenye afya, aliyekunywa chai, ageuke kutazama mlango. Kilipitishwa bila marekebisho. Nikakabidhiwa pia Daftari la Minong’ono, niwe nalikagua na kulijaza kila siku.

Kisha ikatangazwa zawadi. Baada ya miezi sita, ukuu wa kitengo, ukuu kamili usio na kaimu mbele yake, ungepewa mtumishi mwandamizi mwenye minong’ono michache zaidi. Waandamizi tulikuwa wawili: mimi na Nasibu Lwambano.

*

Kuhusu Lwambano nina taarifa zifuatazo. Alihamia kwetu mwaka mmoja na nusu kabla ya waraka, akitokea kanda ya kusini. Alichelewa kazini wastani wa dakika kumi na saba. Aliwahi kupitisha mizani ya muuza nyama iliyokosea gramu kumi na mbili, na alipoulizwa alisema kwamba muuza nyama huyo ana mkono mzito wa asili. Meza yake ilikuwa dirishani.

Idara yetu ilikuwa na chai ya saa nne. Aliyeiandaa ni Bi. Asteria Nyoni, karani wa masijala, ingawa kazi hiyo haikuwa katika mkataba wake. Kwa miaka sita kikombe changu kilifika mezani kabla ya vingine vyote, sukari vijiko viwili, mkono wa kikombe ukielekea kulia. Tangu Lwambano alipofika, kikombe changu kilikuja cha nne, na mkono wake ulielekea popote. Sisemi kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Nasema tarehe zinalingana.

Saa nne na dakika tano viti vilianza kuhama. Ofisi ilikuwa na viti tisa vya watumishi, ukiacha kile kitupu. Saa nne na dakika nane, saba kati yavyo vilikuwa vimeizunguka meza ya dirishani, na cha nane ni cha Lwambano mwenyewe. Cha tisa nilikuwa nimekikalia. Lwambano alianza kuzungumza kwa sauti ya chini, bila haraka, akimenya karanga. Kisha wakacheka. Walicheka wastani wa mara tatu kwa kila chai. Jumatano mara tano. Kicheko cha Asteria kilianza kabla ya vya wengine, na kilikuwa na namna ya kukatika katikati, kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko ofisini, halafu kikaendelea.

Nilipowasogelea, walinyamaza. Nilipima. Walinyamaza nikiwa mita nne, bila kujali natokea upande gani. Asteria alikohoa, mtunza ghala akasifia hali ya hewa, na Lwambano akasema, “Karibu, mzee,” kwa sauti ambayo sikuweza kuilaumu kwa lolote. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nane.

Msomaji asidhani kwamba sikujitahidi. Katika mwezi wa pili wa waraka nilibeba kiti changu mwenyewe mpaka dirishani, nikaketi, nikawasimulia habari ya kilo ya mfano ya chuma inayotunzwa katika kabati letu, ambayo mwaka fulani iligunduliwa kuwa imepungua gramu moja kwa sababu mfagizi aliisugua kwa bidii. Niliipanga vizuri, pamoja na takwimu. Wote walinitazama kwa adabu. Aliyecheka ni Lwambano peke yake, akapiga na goti, akasema hiyo kali, mzee. Kicheko cha kupewa nilikijua hapohapo. Ningependelea gramu kumi na mbili za dharau ya wazi.

Nikarudisha kiti.

*

Miezi mitano na nusu ilipita. Idara ilikuwa imetulia kiasi kwamba Mkurugenzi alipewa cheti. Daftari lilionyesha Kihampa sifuri, Lwambano sifuri. Kanuni ya 14 ilisema kwamba wakifungana, anapita aliyewahi kazini, na hapo, kwa zile dakika kumi na saba, hesabu haikuwa na utata. Jumatatu ya wiki ya mwisho Bi. Mtengeti aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanionyesha barua. Ilikuwa na jina langu kamili, na mhuri. Alisema ataikabidhi Ijumaa mbele ya watumishi wote, nami nikikalie kiti changu.

“Umesubiri miaka tisa, Kihampa,” alisema. “Siku nne zilizobaki, kaa tu. Usiandike kitu.”

Jumanne, saa nne na dakika ishirini na mbili, walicheka hadi Asteria akavua miwani akajifuta macho kwa upindo wa kanga aliyojitanda mabegani. Sikuwahi kumwona bila miwani. Sikujua kwamba ana kovu dogo karibu na nyusi. Lwambano hakuonyesha kushangaa, na hapo nikaelewa kwamba yeye alikwisha kulijua.

Saa tano kamili niliwasilisha malalamiko rasmi, nakala tatu. Niliandika kwamba kicheko cha kiwango kile hakiwezi kutokana na mambo yaliyoruhusiwa. Nilikuwa nimefanya jaribio: nyumbani, mbele ya kioo, nilisoma orodha nzima ya mambo yaliyoruhusiwa kwa sauti, na hakuna hata moja lililonichekesha. Kwa hiyo meza ya dirishani ilikuwa ikizungumza siasa, na kiongozi wake ni Nasibu Lwambano.

Unaweza kuuliza kwa nini nilifanya hivyo wakati barua ilikwisha kupigwa mhuri. Nilifanya kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu.

*

Kamati ya Utulivu iliketi Alhamisi. Ilikuwa na wajumbe watano, Bi. Mtengeti akiwa mwenyekiti. Watumishi wote tuliitwa ukumbini. Barua yangu ilikuwa mezani mbele yake, chini ya miwani yake. Niliweza kulisoma jina langu likiwa limepinduka.

Lwambano alitakiwa aeleze anachowasimulia wenzake. Alisimama, akakung’uta maganda ya karanga kwenye suruali, akasema anawasimulia habari za nyumbani kwake.

Mke wake, alisema, ana mjomba. Mjomba huyo alikuja mjini kutibiwa goti, kwa wiki mbili. Sasa yuko katika mwaka wa ishirini. Goti lilipona mwezi wa kwanza. Daktari aliyesema kwamba limepona hakukaribishwa tena. Mjomba hulala chumba cha mwenye nyumba, hukalia kiti cha mwenye nyumba, na rimoti ya televisheni huiweka chini ya paja lile la goti bovu. Wakila, yeye hugawa nyama, halafu huwauliza watoto nani kawapa nyama.

“Na kuondoka haondoki?” aliuliza mjumbe mmoja. Nadhani alijisahau.

“Tunamuaga kila mwaka, mheshimiwa. Tunachinja mbuzi, tunaalika majirani. Usiku ukiingia mjomba anasimama, anafuta machozi, anasema alitaka kweli kuondoka, ila watoto wamemwomba aendelee.”

“Watoto wenyewe wanasemaje?”

“Saa hiyo wanakuwa wamelala.”

Mjumbe akaanza kukohoa. Wajumbe wengine walitazama juu ya meza, wakatazama chini ya meza, wakatazama kila mahali isipokuwa ukutani, ilipotundikwa picha ya Mheshimiwa Mkuu wa Nchi. Sikuona sababu, picha ilikuwa imefutwa vumbi asubuhi hiyohiyo.

Bi. Mtengeti alisema polepole kwamba, kama kuna mjumbe anayeona hadithi hii inamhusu mtu mwingine asiye mjomba, amtaje mtu huyo kwa jina, ili jina liandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na la aliyemtaja. Nilihesabu sekunde arobaini. Hakuna aliyemtaja mtu. Ikaandikwa kwamba ni mjomba.

Kisha watumishi saba waliitwa mmoja mmoja. Kila mmoja alisema kwamba alicheka mambo ya mjomba. Nikaanza kugundua jambo ambalo malalamiko yangu hayakuliona. Walijua mengi. Mtunza ghala alitaja siku mjomba alipowafukuza panya akataka aitwe mkombozi. Karani wa malipo alitaja siku jirani alipokuja kuuliza afya ya goti akafungiwa stoo. Asteria aliulizwa kilichomchekesha Jumanne, akasema ni ile ya mjomba kuhesabu kura za watoto akiwa na watoto wanne na kupata kura sita, na alipokuwa akisema midomo yake ilikuwa ikitetemeka tena. Alimtazama Lwambano, kidogo tu, kama mtu anayeangalia saa.

Nilipiga hesabu. Chai mia nne na themanini kwa miaka miwili, vicheko vitatu kwa kila chai: elfu moja mia nne na arobaini, bila kuhesabu nyongeza ya Jumatano. Vyote vilifanyika mita kadhaa kutoka nilipoketi, nami sikupewa hata kimoja.

“Bwana Kihampa,” Mkurugenzi aliniita. “Kanuni inataka mlalamikaji awe amesikia kwa masikio yake. Wewe hukuwepo. Sema hukuwepo, malalamiko yafutwe, tuendelee na mengine.” Aliisogeza barua kidogo, kwa kidole kimoja, upande wangu.

Nilikuwa nimekwisha kusimama. Neno lilikuwa moja na lilikuwa la kweli, nami huheshimu vitu vya kweli. Ningelisema, naamini, kama Lwambano hangetaka kunisaidia.

“Mheshimiwa, tusimsumbue mzee wetu,” alisema, na uso wake ulikuwa umejaa huruma. “Hajawahi kukaa na sisi. Hata siku moja.”

Watu saba wakaitikia kwa vichwa; ile siku ya kilo ya mfano hakuna aliyeikumbuka. Asteria naye aliitikia.

“Nilikuwepo,” nikasema.

Mkurugenzi aliuliza nilikuwepo wapi.

“Pale dirishani. Kiti cha pembeni ya Bi. Asteria. Kila siku.”

“Mzee,” Lwambano akasema.

“Nilicheka,” nikasema. “Nilicheka kuliko wote.”

Mkurugenzi alifumba macho. Bila kuyafumbua, aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza urefu wa shimo baada ya kutumbukia, ni kisa gani hasa kilichonichekesha. Sikuwa na kisa. Vyote vilivyotajwa vilikuwa vya wengine, na nisingekubali kusimama mbele ya ofisi nzima na mali ya Lwambano mdomoni. Nikatunga changu. Nilitumia sekunde sita.

“Kile cha mwaka wa kumi,” nilisema. “Kanuni za nyumba zilisema mgeni asizidi miaka kumi. Mjomba akawaita wote mezani, akafuta kanuni, akaandika nyingine ileile, halafu akasema kanuni ni mpya, kwa hiyo na yeye ndiyo kwanza anafika. Akachukua begi lake, akatoka nje, akabisha hodi.”

Halafu Asteria akacheka. Hakuwahi kuziba mdomo. Kicheko kilitoka chote, kikakatika katikati, kikaendelea. Mtunza ghala akafuata. Karani wa malipo akaegemea ukuta. Mjumbe yule wa kikohozi alitoka nje mbio na tukamsikia akicheka ukumbi wa nje, peke yake. Muda wote wa kicheko ulikuwa sekunde kumi na tisa. Lwambano alikuwa wa mwisho kuanza; nilimwangalia ili nihakikishe.

Bi. Mtengeti hakucheka. Aliichukua barua, akaikunja mara nne, akaiingiza kwenye mkoba wake.

“Neno moja tu, Kihampa,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Hata barua nilikusogezea kwa kidole.”

Uamuzi ulitolewa kabla ya chakula cha mchana. Kamati iliona kwamba hadithi ya Nasibu Lwambano, ikisimuliwa bila kisa cha mwaka wa kumi, inamhusu mjomba. Ikiongezewa kisa hicho, inaacha kumhusu mjomba. Kwa hiyo siasa yote iliyomo iliingizwa na Deusdedit Kihampa. Kwa kuwa mtunza Daftari nilikuwa mimi, niliamriwa kuijaza mwenyewe. Niliandika minong’ono thelathini na tano, kwa wino mweusi, nikapiga mstari chini.

Ijumaa Lwambano alipewa ukuu wa kitengo. Alikalia kile kiti bila kukifuta. Mimi nilipewa barua ya uhamisho, ambayo Asteria aliniletea mezani pamoja na chai. Kikombe kilikuja cha kwanza. Nilitaka kuangalia mkono wa kikombe umeelekea wapi, ila gari la uhamisho lilikuwa limeshawasha injini.

*

Kituo nilichopelekwa kinapima malori karibu na mpaka wa kaskazini. Kina mizani moja iliyochimbiwa chini ya barabara, kizuizi cha bomba la chuma, kibanda, na mimi. Mizani ni nzuri. Nilikuwa sijawahi kuandika uzito usio wa kweli katika maisha yangu ya kazi, na kwa miezi saba ya kwanza hapo kituoni niliendelea hivyo.

Mwezi wa nane lilifika lori la saruji. Dereva wake, mtu mnene aliyevaa taulo shingoni, alishuka kunyoosha miguu nilipokuwa nikisoma mizani. Alitazama huku na huku, akaniuliza kama nimeisikia ile ya mjomba. Nikasema sijaisikia. Akanisimulia. Mbuzi alimfanya ng’ombe, na goti akalifanya mgongo, ila kisa cha mwaka wa kumi kilikuwa kizima, pamoja na begi na hodi, na alipofika hapo alicheka mpaka akashika kioo cha lori. Alisema kule anakotoka kisa hicho wanakisimulia sokoni, hospitalini, hata kwenye foleni ya vitambulisho. Mtu akibisha hodi mahali, watu wanaanza kucheka kabla hajaingia.

Nikamuuliza amekitunga nani.

“Jamaa mmoja wa Vipimo, makao makuu,” alisema. “Mkuu kabisa wa kitengo. Anaitwa Lwambano. Yule bwana ana kichwa, mzee wangu, acha.”

Lori lilikuwa na tani ishirini na nane na kilo mia moja na arobaini. Kiwango ni tani thelathini. Niliingia kibandani, nikaandika kwamba limezidi, nikarudi nikamwonyesha karatasi. Alitazama karatasi, akatazama mizani, akanitazama mimi. Aliuliza nataka nini. Nilimwambia sitaki kitu. Nilimvutia kiti changu, nikamtaka akae, asimulie tena tangu mwanzo, na akifika kwenye kisa cha mwaka wa kumi aseme ni cha nani.

Alisema jina hilo ni gumu. Nikamwandikia kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi ya uzito, na wilaya ninakotoka, na cheo. Aliisoma, akageuka kutazama barabara kama kuna mtu anakuja, akaniambia kwa sauti ya kunihurumia kwamba jina kama hilo mtu hulificha, halitangazi. Nikamwambia aanze.

Mara ya kwanza alisema Kihamba. Mara ya pili alisahau Deusdedit. Malori mengine manne yalikuwa yamesimama nyuma yake, na madereva walishuka, wakasogea, wakasimama kutuzunguka kusikiliza. Mara ya tatu alilitaja lote, sawasawa, nao wakacheka. Nikamfungulia kizuizi, nikamwita dereva aliyefuata.